Joseph Murumbi: Mtu na Wadhifa Wake

Mtaa wa Kileleshwa, ulio magharibi mwa jiji la Nairobi, ulijengwa kwa sehemu kubwa kuwa makao ya watumishi wa serikali. Tangu enzi ya ukoloni, nyumba zake za mawe zenye vigae vyekundu na bustani pana ziligawiwa maafisa kulingana na daraja zao kazini. Aliyepandishwa cheo alihamia nyumba kubwa zaidi. Aliyestaafu au kuachishwa kazi alikabidhi ufunguo akaenda zake. Baada ya uhuru wakaaji walibadilika rangi, lakini utaratibu ulibaki ule ule. Nyingi kati ya nyumba hizo zimekwisha kubomolewa na mahali pake pakainuliwa majengo ya ghorofa, ila desturi zilizozaliwa humo hazikubomolewa pamoja nazo. Mtoto aliyelelewa katika mitaa ya aina hiyo alijua mapema kwamba paa lililomfunika, shule aliyosomea na salamu alizopewa na walinzi wa malango vyote vilitokana na wadhifa wa baba au mama yake, na kwamba barua moja kutoka ofisini ingetosha kuviondoa vyote kwa mara moja.

Lugha nayo haijaachwa nyuma katika kadhia hii. Mtu akiuliza fulani ni nani, aghalabu hujibiwa kwa kutajiwa kazi: ni daktari, ni mkuu wa idara, ni mbunge. Kiulizi kinachohusu nafsi hupewa jibu linalohusu ajira, na hakuna anayeona kasoro. Vyombo vya habari vya Kenya vimeongeza jingine, yaani kitenzi kirejeshi cha aliyekuwa, ambacho hutangulizwa kabla ya jina la kila kiongozi aliyeondoka madarakani. Aliyekuwa waziri, aliyekuwa jaji, aliyekuwa meya. Kisarufi ni umbo la wakati uliopita. Kijamii ni kama hukumu, kwani humfungia mhusika katika siku aliyokoma kuwa kitu, hata akiishi miaka thelathini baada ya hapo akitenda mengine.

Katika historia ya Kenya huru hakuna mtu ambaye maisha yake yanalitia umbo hilo katika mashaka kama Joseph Murumbi. Alikuwa makamu wa pili wa Rais wa Jamhuri, akakishika kiti hicho kwa miezi michache tu ya mwaka 1966, kisha akaondoka kwa hiari yake. Vitabu vya historia vya shule humpa sentensi moja au mbili, baina ya Jaramogi Oginga Odinga aliyemtangulia na Daniel arap Moi aliyemfuata. Kwa kipimo cha vyeo, sentensi hizo zinatosha. Kwa kipimo cha mtu, hazijaanza kumgusa.

Alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake, Peter Nicholas Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa laiboni, yaani kiongozi wa kiroho aliyetegemewa na watu wake kwa uaguzi na ushauri. Mtoto alipelekwa Bara Hindi angali mdogo, akasomea Bangalore na baadaye Bellary katika shule za Kikatoliki, na hakurudi nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 akiwa kijana aliyekomaa. Alirudi akiwa na jina la Zuzarte, Kiingereza safi, na nchi ambayo hakuijua vyema.

Jambo la kwanza aliloulizwa na nchi hiyo lilikuwa tabaka lake. Kenya ya kikoloni ilipanga watu katika ngazi tatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mishahara ya serikali ilifuata ngazi hizo, makazi yalizifuata, hata hospitali na vyoo vilizifuata. Kazi haikuwa tu kitu alichofanya mtu. Ilikuwa tangazo la rangi yake na thamani aliyowekewa. Kwa kijana aliyezaliwa na Mgoa na Mmaasai, faida ilikuwa wazi. Angeendelea kujiita Zuzarte, akahesabiwa pamoja na jamaa za babaye, akala mshahara wa ngazi ya kati. Badala yake alilichagua jina la upande wa mamaye, na ndilo alilobaki nalo hadi kaburini. Uamuzi huu hutajwa kwa haraka na wengi wanaosimulia maisha yake, kana kwamba ni suala la karatasi tu. Lakini huu ndio uliotangulia maamuzi mengine yote. Mtu aliyekwisha kukataa kupimwa kwa kipimo kinachomnufaisha hawezi kutishwa kirahisi na kipimo kingine baadaye.

Riziki yake ya miaka mingi ilikuwa ukarani. Alifanya kazi za ofisini nchini Kenya, kisha vita vya pili vya dunia vilipozuka na Waingereza wakaitwaa Somalia kutoka kwa Waitalia, alikwenda huko mwaka 1941 akatumikia utawala wao kwa takriban miaka kumi. Hakuna mengi ya kusimulia kuhusu kazi hizo, na huenda hilo lenyewe ni funzo. Mtu anaweza kujaza madaftari ya watu wengine kwa miongo miwili bila madaftari hayo kumwambia yeye ni nani.

Alirejea Kenya katika kipindi cha msukosuko. Mwaka 1952 alijiunga na chama cha Kenya African Union, akisukumwa na urafiki wake na Pio Gama Pinto, mwanahabari na mpigania uhuru mwenye asili ya Goa kama babaye Murumbi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo serikali ilitangaza hali ya hatari, ikamtia mbaroni Jomo Kenyatta na viongozi wenzake. Viti vya chama vikabaki vitupu. Murumbi, mgeni katika siasa, akashikilia ukatibu mkuu wakati ambapo kuushikilia kulikuwa ni kujiweka mlangoni mwa gereza. Mwaka 1953 alikwenda ng'ambo kuitetea kadhia ya Wakenya, akapitia India na Misri hadi akafika London. Chama chake kilipigwa marufuku mwezi Juni mwaka uo huo. Hakuwa na ofisi ya kurudia, wala nchi ambayo ingempokea kwa usalama.

Miaka ya London ilikaribia kumi. Alishirikiana na wabunge wa chama cha Leba waliopinga ukoloni, miongoni mwao Fenner Brockway, na akatumikia harakati ya ukombozi wa makoloni iliyoundwa mwaka 1954. Harakati, hata hivyo, hazilipi kodi ya nyumba. Kwa hiyo msemaji huyu wa Waafrika, aliyepokewa na wakuu wa India na Misri, aliajiriwa kuwa karani katika ubalozi wa Moroko. Mtu wa umri wake, mwenye rekodi yake, angeweza kuiona kazi hiyo kuwa fedheha. Murumbi aliifanya. Asubuhi alikuwa karani, jioni alikuwa mwanasiasa, na siku za mapumziko alikuwa mtu wa tatu, ambaye hakuna aliyemwajiri: mtafutaji wa vitabu. Alizunguka katika maduka ya vitabu vikuukuu vya London akinunua, kwa kadiri ya mfuko wake, chochote kilichoandikwa kuhusu Afrika. Vitabu vya wasafiri, vya wamisionari, ripoti za serikali, ramani, barua. Ni katika miaka hiyo alipokutana na Sheila Kaine, mkutubi, ambaye alikuja kuwa mkewe na mwenzake katika kazi hiyo isiyo na mshahara.

Alirudi nyumbani mwaka 1962, uhuru ukiwa umekaribia, akasaidia kupanga shughuli za chama cha KANU. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mbunge wa Nairobi Kusini, akateuliwa kuwa Waziri wa Nchi katika ofisi ya Waziri Mkuu, na Kenya ilipokuwa jamhuri mwezi Desemba 1964 akawa Waziri wa Mashauri ya Kigeni. Kazi hiyo ilimfaa. Alikuwa amezoea miji mikuu ya watu wengine tangu utotoni, na katika safari zake aliendelea kufanya lile alilolifanya London: mikutano ilipokwisha aliwatafuta wachongaji, wafumaji na wauzaji wa vitu vya kale. Wenzake walirudi na mikataba. Yeye alirudi na mikataba na vinyago.

Tarehe 24 Februari 1965 Pio Gama Pinto alipigwa risasi langoni mwa nyumba yake mtaani Westlands, akiwa ndani ya gari pamoja na bintiye mdogo. Alikuwa na umri wa miaka 37. Ndiye mwanasiasa wa kwanza kuuawa kwa njia hiyo katika Kenya huru, naye ndiye aliyemwingiza Murumbi katika siasa. Wanaomjua Murumbi wamesema mara nyingi kwamba kifo hicho kilivunja kitu ndani yake. Aliendelea kufanya kazi, lakini imani yake katika chombo alichokitumikia haikuwa ile ya awali. Aliyaona pia yale yaliyoonwa na kila mwenye macho: ardhi iliyoachwa na walowezi ikigawanywa baina ya wakubwa, na cheo cha umma kikigeuzwa kuwa mlango wa mali ya mtu binafsi.

Mwezi Machi 1966 KANU ilifanya mkutano wake wa Limuru, ambapo wadhifa wa makamu wa rais wa chama uligawanywa mara nane ili Oginga Odinga apungukiwe nguvu. Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais wa nchi mwezi Aprili, akaunda chama chake cha upinzani. Mwezi Mei Kenyatta alimteua Murumbi kujaza pengo. Yamkini aliteuliwa kwa sababu hakuwa na kabila kubwa nyuma yake wala genge la wafuasi, na hivyo hakumtisha yeyote. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa upande mmoja. Kwa upande wa pili ilisahau kwamba asiyeweza kumtisha mtu kwa cheo huenda pia hakihitaji. Kabla mwaka haujaisha, Murumbi aliondoka.

Kuondoka kwenyewe si ajabu. Viongozi wengi hujiuzulu. La kuangaliwa ni namna alivyoishi baada ya hapo. Hakuunda chama. Hakurudi kugombea kiti. Hakuzunguka na malalamiko, wala hakuketi kusubiri kuitwa tena kama walivyofanya wengi waliokuja baadaye. Aliishi karibu robo ya karne baada ya kutoka ofisini, na katika muda huo alifanya kazi ambayo leo inaonekana kwa macho na kuguswa kwa mikono, ilhali kazi za miezi ile ya umakamu ni shida kuzitaja.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Murumbi hakuondoka mikono mitupu. Aliingia katika biashara, akawa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans nchini Kenya. Alikuwa na nyumba Muthaiga, alikuwa na marafiki, alikuwa na elimu. Afisa wa daraja la kati aliyeishi Kileleshwa katika nyumba ya serikali, mwenye watoto watano shuleni na wazazi mashambani, asingeweza kumwiga hata kama angetaka. Ni rahisi kumwambia mtu kwamba yeye si kazi yake. Ni vigumu kumwambia hivyo ilhali kitanda anacholalia ni cha mwajiri. Maisha ya Murumbi hayafuti ugumu huo. Lakini ikiwa fedha peke yake ingemwezesha mtu kuachana na kiti, basi matajiri ndio wangekuwa wa kwanza kuviacha viti vyao, na historia ya Kenya haioneshi hivyo.

Zaidi ya hayo, kile alichokiingia baada ya siasa hakikuwa kipya kwake. Hapa ndipo miaka ya ukarani London inapoeleweka. Mtu aliyekuwa akikusanya vitabu alipokuwa karani ndiye aliyevikusanya alipokuwa waziri, na ndiye aliyevikusanya alipokuwa raia. Kazi zilibadilika mara saba au nane, yeye hakubadilika. Cheo kilikuwa moja ya vyumba alivyopitia, na alipotoka chumbani humo alitoka mzima.

Mapema katika miaka ya 1970, kwa ushirikiano na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa katikati ya Nairobi. Palikusanywa kazi za mikono kutoka kila pembe ya bara: shanga, vitambaa, vinyago, ala za muziki, vyombo vya nyumbani. Wasanii wapya walipata mahali pa kuonesha kazi zao katika jiji ambalo hadi wakati huo liliiona sanaa ya Mwafrika kuwa kumbukumbu ya kuuziwa mtalii kando ya barabara. Katika mkusanyo wa Murumbi mwenyewe zimo kazi za mapema za Francis Nnaggenda wa Uganda na Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, ambazo alizipata kabla majina yao hayajavuma. Aidha, alijihusisha kwa karibu na idara ya taifa ya kuhifadhi nyaraka, akisisitiza kwamba nchi isiyotunza karatasi zake itasimuliwa na wageni.

Mkusanyo huo ulikua hadi ukashinda nyumba. Vitabu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900 peke yake vilikuwa takriban 8,000. Kulikuwa na maelfu mengine ya baadaye, kulikuwa na barua na nyaraka rasmi, kulikuwa na stempu za posta za Afrika ambazo wajuzi walizihesabu miongoni mwa mikusanyo bora zaidi. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa tayari kulipa bei kubwa. Murumbi aliamua kuiuzia serikali ya Kenya kwa bei nafuu, katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa maafikiano kwamba nyumba hiyo ingekuwa taasisi ya masomo ya Kiafrika ambapo watafiti wangekuja kusoma. Vitabu na vitu vya sanaa viwe mahali pamoja, msomaji akae navyo, alale karibu navyo.

Taasisi haikujengwa. Uwanja wa nyumba uliishia mikononi mwa watu wengine, miti aliyoitunza ikakatwa, na nyumba ikabomolewa. Murumbi aliishi akayaona hayo, na wanaosimulia wanasema yalimwumiza kuliko lolote lililompata katika siasa. Kupoteza cheo hakukumliza. Kupotea kwa nyumba ya vitabu kulimliza. Atakaye kujua mtu ameiweka nafsi yake wapi na aangalie ni msiba upi unaomwangusha.

Pana kejeli chungu katika tukio hilo. Serikali iliyotenga nyumba kwa kila daraja la ofisa haikuweza kulinda nyumba moja kwa ajili ya vitabu. Kila cheo kilikuwa na paa lake; kazi isiyokuwa na cheo haikuwa na paa. Mtu angebaki makamu wa Rais, yamkini nyumba ingebaki imesimama, kwa sababu ingekuwa nyumba ya makamu wa Rais.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa sehemu kubwa Intona, shambani kwake huko Trans Mara, katika nchi ya Wamaasai, watu wa mama yake. Huko nako alijenga nyumba kubwa na kuanza kukusanya upya. Afya yake ilikuwa imezorota. Alifariki dunia tarehe 22 Juni 1990, siku chache baada ya kutimiza miaka 79. Kwa taratibu za nchi angeweza kuzikwa shambani, au mahali palipostahili mtu wa wadhifa aliowahi kuushika. Alizikwa City Park, mtaani Parklands, karibu na kaburi la Pio Gama Pinto, kama alivyotaka. Sheila alimfuata mwaka 2000, akazikwa kando yake. Bustani hiyo ilinyemelewa na wanyakuzi wa ardhi kwa miaka mingi, na ni baada ya rafiki zake, akiwemo Donovan, kupiga kelele ndipo mahali hapo palipozungushiwa bustani ya kumbukumbu yenye sanamu zilizochongwa na wasanii wa Kiafrika. Ilifunguliwa mwaka 2009.

Mkusanyo wake leo umegawanyika. Sehemu kubwa imo katika Jumba la Nyaraka za Taifa kwenye barabara ya Moi, jengo la zamani la benki ambalo wakazi wa Nairobi wanalifahamu zaidi kwa nje, kwa kuwa ndipo wanapowekeana miadi ya kukutana. Ghorofa ya chini ina ukumbi unaoitwa kwa jina la Murumbi. Sehemu nyingine imo katika jengo dogo la mawe lililoko Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, lililojengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo wakazi wa Nairobi walimokuwa wakiandikishwa wanapozaliwa, wanapooa na wanapofariki. Karani alikuwa akiketi nyuma ya meza, akiuliza jina, jina la baba, na kazi. Siku hizi mahali hapo pana vitambaa, mapambo ya shaba, stempu, na samani za nyumba ya Joseph na Sheila.